Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Akina mama wanaotarizi vitambaa vya madhabahu wana desturi moja: wakipewa kazi ya mwenzao waitazame, huigeuza kwanza. Mbele kila msalaba hupendeza. Nyuma ndiko yaliko mafundo, nyuzi zilizorukishwa kutoka ua moja hadi jingine, na mahali palipofumuliwa pakashonwa upya.

Sisi tunaofundisha utafiti katika chuo cha theolojia tumeiazima desturi hiyo. Mwanafunzi akirudi kutoka sharikani, kabla hajaandika tasnifu, tunampa kitambaa, sindano na nyuzi, atarizi njia aliyoipitia. Sharti ni moja: asifumue. Swali lake likiwa lilibadilika, abadili rangi ya uzi na kuendelea. Wengine hucheka mwanzoni, hasa wanaume (kana kwamba Oholiabu, aliyetarizi kwa ajili ya hema ya kukutania, alikuwa mwanamke). Kicheko hakidumu. Sindano huenda polepole, na wiki ile ambayo hukupata jibu lolote nayo inataka kushonwa.

Hapo ndipo tunapojiuliza: tasnifu inayoonyesha upande wa mbele tu, je, ni uongo? Kila kilichoandikwa humo chaweza kuwa kweli. Lakini msomaji atadhani kwamba wote waliulizwa, wote wakajibu, na majibu yao yakapatana. Kwetu sisi amri ya nane imeguswa tayari, maana tumewashuhudia washarika kwa namna ambayo sivyo walivyo.

Paulo hakuogopa fundo. Katika sura ya kwanza ya 1 Wakorintho anasema hakubatiza mtu yeyote kwao ila Krispo na Gayo. Mara anawakumbuka watu wa nyumbani mwa Stefana. Kisha anasema hajui kama yuko mwingine. Angeweza kuagiza waraka uandikwe upya, lakini ameyaacha yote. Katika sura ya saba anatenga agizo la Bwana na shauri lake mwenyewe, na kanisa halijaacha kumsikiliza kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, si kila uzi wa nyuma ni wetu kuuonyesha. Aliyetueleza siri ya nyumba yake hakutupa ruhusa ya kuitundika ukutani, na Katekisimo Ndogo ya Luther, katika amri hiyohiyo ya nane, inatutaka tumtetee jirani. Basi tunawaambia wanafunzi wafiche majina ya watu, wasifiche kuyumba kwao wenyewe. Mpaka huo si rahisi kuuona kila mara.

Mwanafunzi mmoja aliacha matundu ya sindano yasiyo na uzi katikati ya kitambaa chake. Tulipomuuliza, akasema ni mjane aliyemkaribisha ndani, akampa chai, akakataa kuhojiwa. Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu mama huyo hakuwemo. Sasa yumo, bila jina, katika sura ya tatu: mmoja alikataa, sababu hakuitaja, wala hakulazimishwa kuitaja.