Maji ya Mgeni

Mimi ni mtu wa Sofu, Kibaha. Utotoni maji niliyajua kwa madumu. Bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam lilipita wilayani kwetu, nasi tukalitazama likipita. Basi nilipopata kulala katika hoteli moja ya ufukweni, mashariki ya Unguja, nilifungua bomba la bafuni nikayaacha maji yatiririke, makusudi. Nilioga mara tatu kwa siku. Nilijiambia: kwani sikulipa?

Asubuhi moja, nyuma ya ukuta wa hoteli, niliwakuta akina mama wamepanga ndoo kisimani. Mmoja akaniambia kwa upole, "Karibu, mgeni." Nilishindwa hata kumjibu vizuri.

Je, aliyelipia kitanda amenunua pia maji yaliyo chini ya kijiji? Mwenye hoteli atasema analeta ajira na kodi, naye hasemi uongo. Lakini kisima hakisomi risiti. Pwani ile ni ya mawe ya matumbawe. Maji yake matamu ni mvua iliyozama ardhini, nayo yakivutwa kupita kiasi, chumvi ya bahari huingia.

Wala njia haikosekani. Kisiwani Chumbe, ambako matumbawe yanahifadhiwa tangu mwaka 1994, mabanda saba ya wageni hukinga mvua kwa mapaa yake, na vyoo ni vya mboji, havihitaji maji. Wageni huenda, tena hulipa si haba.

Siku ya mwisho nilioga kwa ndoo moja. Yule mama hakujua, wala kisima hakikujaa.