Binadamu si Samaki

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Je, mtu aliyekwisha kuzeeka hana budi kubaki alivyo?

Na tutazame Biryogo, katika Nyamirambo, mjini Kigali. Mji huu ulianzishwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1907, na askari na wachuuzi wasemao Kiswahili wakafanya maskani humo. Lakini katika Kinyarwanda jina la Mswahili likaja kumaanisha pia mtu mjanja, asiyeaminika. Basi wako waliokisema Kiswahili nyumbani na kukinyamazia ofisini, hata mvi zikawaota. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Mzee aliyeificha lugha yake sasa aweza kuitamka mbele za watu, na wajukuu wakamwendea awasahihishe.

Watauliza wengine: fahari inayongoja sheria ni fahari gani? Sisi twaona kwamba sheria haikumpa mzee huyo utu wake, ilimpunguzia hofu. Wala asiuonee haya ujana wake, maana kimya kile kilikuwa ngao ya kulelea watoto. Kujiita Mswahili leo hakumpunguzii Unyarwanda wake hata chembe.

Nasi walimu, mzee wa namna hii akibisha hodi darasani, tusimhesabu kuwa mwanafunzi aliyechelewa. Tumpe kiti, tumsikilize. Samaki akikauka hukatika akikunjwa, binadamu hujikunjua.