Mbio za Wanyama Siku za Furaha

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, twasema: tumeulizwa darasani, je, yafaa kushindanisha wanyama katika sherehe? Swali hili si dogo kwetu watu wa Wajir, ambao ngamia ndiye maziwa yetu, mahari yetu na diya yetu.

Mbio zenyewe si haramu. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, waliozoezwa akawapa masafa marefu, wasiozoezwa akawapa mafupi. Hapo pana hukumu nzima kwa mwenye kuzingatia: kila mnyama apimwe kwa uwezo wake. Basi mbio za ngamia za Maralal, zilizoanza mwaka 1990, na mbio za punda za Lamu siku za Maulidi, hatuzilaumu kwa kuwa ni mbio. Twalaumu bakora inayomshukia mnyama aliyekwisha toa nguvu zake zote.

Wako wasemao, "Mnyama ni mali yangu, nani atanizuia?" Twawajibu kwa kauli za wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena, asimtwishe asichokiweza, wala asimweke pamoja na wa kumjeruhi. Basi milki ni amana, na amana ina hesabu. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, yakataza ukatili huo.

Tazameni Ghuba. Mwaka 2005 nchi za huko zilianza kuweka mashine ndogo mahali pa watoto waliokuwa wakipandishwa ngamia wa mashindano. Mtoto kuokolewa ni jambo la kushukuriwa. Lakini mashine ile nayo imetiwa mjeledi, uongozwao kutoka mbali na mtu asiyesikia hata pumzi za mnyama ampigaye.

Fimbo hiyo haina haja ila kiburi cha mwenye kuogopa kushindwa. Ngamia wa Mtume, Al-Adhbaa, alipopitwa na ngamia wa bedui, Masahaba waliona uzito. Naye akawafunza kwamba hakuna kiinukacho duniani ila Mungu hukishusha. Mafunzo yaliwaelekea watu, mnyama hakulaumiwa.

Enyi ndugu, baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, tukawalilia wanyama wetu waliokufa njiani kuelekea visimani. Haifai tuliowalilia kwa kiu tuwapige kwa tafrija. Atakaye mbio na apunguze masafa, awape maji na mapumziko, amtoe aliye mgonjwa, na amnyime zawadi atakayeshinda kwa damu ya mnyama. Asiyeweza hayo, na aiache sherehe ipite bila mbio.

Wabillahi tawfiq.