Sistimu Imekataa

Mwaka wa pili chuoni, nikiwa na salio la karo la shilingi 1,850, nilisimama kwenye dirisha la ofisi ya fedha nikiomba kadi ya mtihani. Mama aliyekuwa ndani aliandika namba yangu ya usajili, akaangalia skrini, akasema, "Pole, sistimu imekataa." Sio yeye. Sistimu. Nilitoka pale bila mtu wa kumkasirikia, na hiyo iliniuma kuliko hata karo yenyewe. Mtihani wa kwanza niliokosa ulikuwa wa lugha ya asembli. Muhula uliofuata pesa haikupatikana kabisa, na sikurudi.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba asembli ndiyo somo pekee lililonifunza sentensi ya yule mama ilimaanisha nini.

Asembli ni lugha iliyo karibu sana na mashine. Sisi tulisoma ile ya prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka wa 1978. Unapewa rejista chache, yaani vijisanduku vya kuweka namba ndani ya prosesa, na amri fupi fupi: weka, jumlisha, toa, ruka. Siku ya kwanza nilitafuta amri ya "kama". Kama mwanafunzi amelipa, mpe kadi. Kama hajalipa, mnyime. Haipo. Ukitaka kulinganisha namba mbili unatumia amri inayoitwa CMP, na kazi yake ni kutoa: inachukua namba ya kwanza, inatoa ya pili, halafu jibu lenyewe inalitupa. Kinachobaki ni bendera, biti ndogo za moja au sifuri. Moja inasema kama jibu lilikuwa sifuri. Nyingine inasema kama lilikuwa hasi. Nyingine inasema kama ulilazimika kukopa. Amri inayofuata inaangalia bendera, kisha inaruka kwenda mahali pengine kwa programu au inaendelea na mstari ulio chini. Basi. Huo ndio uamuzi wote.

Sasa ngoja nikuonyeshe kitu. Rejista ya 8086 ina biti 16. Weka 42,000 ndani yake. Biti zile zile, ukizisoma kama namba zinazoweza kuwa hasi, ni -23,536. Mashine haijui unamaanisha gani, na haijali. Linganisha na 100. Ukitumia ruko linaloitwa JA, mashine inaruka, kwa sababu 42,000 ni kubwa kuliko 100. Ukitumia JG, hairuki, kwa sababu -23,536 ni ndogo. Namba ni ile ile, kutoa ni kule kule, na bendera ni zile zile. Kama 42,000 ni pesa uliyoweka benki, herufi moja inaweza kukufanya mdaiwa.

Na herufi hiyo haikuchaguliwa na prosesa. Kuna mtu aliiandika.

Kwa miaka kadhaa nilitembea na wazo hilo kama silaha. Nikisikia mtu akisema "sistimu imekataa", iwe ni mkopo wa simu au foleni ya hospitali, nilijibu kichwani: sistimu haikatai, sistimu inatoa na kuruka. Aliyekataa ni mtu, mapema, akiwa ameketi mahali ambapo hawezi kuona uso wako.

Halafu ikafika zamu yangu.

Chama cha mtaani kwetu kiliniomba niwawekee hesabu kwa Excel, kwa vile mimi ni "yule wa kompyuta". Sheria yao ilikuwa rahisi: lipa kufikia tarehe 5, ukipitisha unatozwa faini ya shilingi 200. Niliandika sharti, nikajivunia, nikaondoka. Miezi saba baadaye shosho mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na stage alinisimamisha. "Kijana wangu, mimi nililipa tarehe tano. Hii faini ni ya nini?"

Nilifungua simu, nikaangalia, nikamwambia, "Shosho, kompyuta ndiyo imesema."

Akaniangalia. "Na kompyuta iliambiwa na nani?"

Niliandika alama ya "kubwa kuliko au sawa" mahali pa "kubwa kuliko". Kwa asembli hiyo ni tofauti ya JGE na JG, herufi moja tu. Nilipopitia miezi yote saba nilipata watu wanne waliotozwa hivyo, jumla shilingi 800. Watatu hawakuwahi kuuliza. Walidhani mashine haikosei.

Najua utaniambia nini, kwa sababu mamangu aliniambia hivyo hivyo: afadhali mashine, haiombi kitu kidogo, haiangalii jina lako la ukoo. Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Yule mama wa dirishani angekuwa na uwezo wa kunisamehe 1,850, angekuwa pia na uwezo wa kumsamehe mpwa wake 50,000. Kutoa kwa mashine ni kwa haki. Sifuri yangu na sifuri ya mtoto wa waziri ni sifuri moja.

Lakini haki ya kutoa si haki ya kuruka. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na ruko likakupeleka pabaya. Kwa hivyo sidai mashine ziondolewe. Nadai kila ruko liwe na mwenyewe: mtu anayejulikana, unayeweza kumwendea na kumwuliza kwa nini alichagua herufi hiyo, na aliye na uwezo wa kuibadilisha. Anayesema "sistimu imekataa" bila kujua sharti lenyewe, wala nani aliliandika, anakunyima kadi na pia anakunyima mtu wa kuzungumza naye.

Zile shilingi 800 nililipa kutoka mfukoni mwangu, kwa awamu mbili, maana kazi ya kuandika unaijua ilivyo. Shosho alipokea 200 zake, akazihesabu, akaniuliza kama nimekula. Kwenye ile faili ya Excel, juu kabisa, niliandika jina langu na namba yangu ya simu.