Pumzi Uliyopewa Usiitie Moshi

Wapendwa wa Kibaha, na ninyi ndugu zangu wa Kisarawe,

Lipo neno linalotembea vijiweni, kutoka Maili Moja mpaka Maneromango, kwamba mwenye pumu akivuta bangi kifua kinafunguka. Wanaolisema huongeza kuwa Wazungu wameshaifanya dawa ya hospitali, na kuwa Mungu hakuumba mmea wowote bure. Wapo vijana wetu wanaoliamini. Kwa ajili yao nasema leo, na sitanyamaza.

Nianze na lililo kweli ndani yake, maana kazi ya Mungu haitetewi kwa uongo. Miaka ya 1970, daktari Donald Tashkin na wenzake huko Los Angeles, Marekani, waliwavutisha bangi wagonjwa wa pumu wakawapima pumzi. Njia za hewa zilipanuka kweli. Zilipanuka kwa muda, kisha zikarudi zilipokuwa. Walipoijaribu kemikali yenyewe ya bangi kwa kuipuliza bila moshi, baadhi ya wagonjwa wale kifua kiliwabana badala ya kufunguka. Na wavutaji wa miaka mingi walipochunguzwa, walikutwa na kikohozi, makohozi na kifua kinachopiga miluzi. Anayekuhubiria bangi kijiweni amekupa mwanzo wa habari akakunyima mwisho wake.

Sikilizeni, ndugu. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Upo hata siku unayojiona mzima, unayocheza mpira na kuimba kwaya. Kubanwa ni dalili tu ya uvimbe huo. Sasa wewe unashusha juu yake moshi wenye lami, kaboni monoksaidi na amonia, tena unaubana kifuani usitoke upesi! Na majani yenyewe, kama yalihifadhiwa penye unyevu, yana kuvu, na kuvu ni adui wa mwenye pumu. Mchoma mkaa wa Kisarawe unayelala kando ya tanuru, na wewe mama unayepikia kuni chumba kisicho na dirisha, moshi mliokwisha kuuvuta unatosha. Msiongezewe mwingine kwa jina la dawa.

Na wewe unayesema mmea ni wa Mungu, umesema kweli. Hata muhogo mchungu ni wa Mungu, lakini nani kati yetu watu wa Pwani atamenya muhogo mchungu ampe mtoto mbichi? Twaijua dawa yake: kuloweka na kukausha kwanza. Bangi nayo imepita mikononi mwa wanaoijua, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, iliyotokana na mmea huo, kwa aina chache za kifafa kikali. Jirani zetu wa Rwanda waliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Pumu haimo katika hayo. Msokoto wa kijiweni haumo pia. Na hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya, hivyo kijana anayetafuta nafuu ya kifua anaweza kujikuta mahabusu.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili: kijana yule yule asiyeogopa msokoto anaiogopa inhela! Ameambiwa inhela ni ya walioshindikana, kwamba ukiianza huiachi. Wazazi wanaificha ya binti yao, wachumba wasije wakaiona. Uongo huu unaua, na nyumba za ibada tumeuacha ukae miongoni mwetu. Inhela ya salbutamoli hufungua kifua ndani ya dakika chache. Ile nyingine, yenye steroidi kama beklometasoni, hutuliza uvimbe wenyewe, na hiyo ndiyo ambayo wengi hawajawahi kuishika. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa pumu wa kimataifa umeacha kushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Unaikimbia dozi ndogo inayoingia mapafuni moja kwa moja, halafu unameza vidonge vya duka la dawa vinavyozunguka mwili mzima, mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio.

Mtoto akishindwa kuvuta dawa vizuri, usikate tamaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji ya kunywa, inafaa sawa na kifaa cha kununua. Kitako cha chupa hutobolewa tundu linaloingia mdomo wa inhela barabara, pembeni panazibwa hewa isivuje, mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, naye avute na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa. Mwombe mhudumu wa zahanati akuonyeshe kabla hujaifanya nyumbani. Na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, mkalishe wima, mpulizie dawa yake na muondoke. Kibaha mna hospitali ya Tumbi. Kisarawe mna hospitali ya wilaya. Maombi tutayafanya njiani.

Nawe uliyekwisha kuvuta, mwanangu, sikufukuzi. Nenda kliniki wiki hii hii, na ukifika usimfiche daktari. Mwambie wavuta bangi, na mara ngapi. Anayo sababu ya kutaka kujua: ukimeza aminofilini huku unavuta, moshi huo hulifanya ini liondoe dawa mwilini upesi, kisha unadhani dawa ni mbovu. Akikuandikia inhela, itumie mbele yake, akuangalie unavyovuta, na usitoke chumbani kwake mpaka aseme umepatia.