Leseni ya Pombe na Hukumu ya Mwenyezi Mungu



Swali limeletwa kwetu kutoka Mogitu, wilayani Hanang, pale njia ya Haydom inapoachana na barabara kuu ya Babati na Singida. Mwulizaji amesilimu karibuni. Anacho chumba kando ya barabara, naye ataka kukifanya baa ndogo. Asema: "Mimi siinywi kabisa. Nitakata leseni halmashauri, nitalipa ada na kodi, na wanywaji si Waislamu. Kosa langu ni lipi?"

Hatumcheki. Ana watoto, na labda swali hili ni lako pia.

Leseni itolewayo chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ni ruhusa yenye mipaka: mahali maalumu na saa maalumu, tena kumwuzia mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa. Je, umewahi kusikia maharage yamewekewa saa za kuuzwa? Serikali yajua inachokiruhusu. Hata pombe za viroba, zilizokuwa zikiuzwa kila duka, ilizipiga marufuku tangu 1 Machi 2017. Basi leseni humkinga mtu na polisi tu.

Kurani Tukufu, katika sura Al-Maida, yaihesabu pombe pamoja na kamari katika kazi za shetani, kwa kuwa huleta uadui kati ya watu na kuwasahaulisha Sala. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliwataja watu kumi katika laana ya pombe: mkamuaji, mchukuzi, muuzaji, hata mwenye kula thamani yake. Katika hao kumi, mnywaji ni mmoja tu.

"Na watoto wangu je?" Abu Talha r.a. aliuliza juu ya yatima waliorithi pombe. Akaamriwa aimwage. Akauliza kama yafaa kuigeuza siki, akakatazwa. Mali ya yatima, ambayo Kurani huilinda kwa ukali mkubwa, ilimwagwa chini! Na katika chumba cha Mogitu halijaingia bado hata kreti moja.

Sisemi haya kwa kuwadharau Wabarbaig. Pombe yao ya asali ilikuwa ya wazee katika maziko makubwa. Haikuuzwa kwa chupa kando ya barabara kwa kijana aliyetoka kuuza gunia la mahindi aliyoyalima mkewe. Fedha za gunia hilo ndizo faida ya baa, ndugu yangu.

Chini ya Mlima Hanang kuna baridi, na wasafiri wa Haydom husubiri gari. Chai, maziwa ya mgando na supu vitanunuliwa. Faida yake ni ndogo kuliko ya baa, sitamdanganya. Na kama ada ya leseni imekwisha lipwa, aiache ipotee. Wala asimpangishe mwingine chumba hicho kwa kazi ile ile.