Nasaha kwa Mwenye Khofu ya Maradhi ya Ukoo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viwiliwili na Mwenye kujua yaliyofichika ndani yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya haya:

Waraka huu mdogo nimewaandikia ndugu zetu Waislamu wa Kamachumu na pande zote za Muleba na Bukoba, khasa wanawake, na waume zao, na wazee wenye kuozesha. Sababu yake ni hii. Siku moja baada ya darasa ya alasiri alinijia mwanamke, mke wa mtu na mama wa mabinti wawili. Alikaa mlangoni pa chuo hata watoto wote wakatawanyika, kisha akasema: "Waitu Maalim, mama amekufa kwa saratani ya ziwa, na mama mdogo naye amekufa kwa hiyo hiyo. Mimi sasa naukaribia umri wao. Kila usiku mkono wangu uko kifuani ukitafuta. Nisipoona kitu, nasema labda sikutafuta vyema. Je, haya nimekwisha kuyarithi? Na nikienda kupimwa, si kukosa kumtegemea Mungu? Na watoto wangu hawa, watu wakijua, nani atawaoa?"

Nilinyamaza muda mrefu, wala si kwa kukosa jibu. Mama yake nilimjua. Miaka mingi iliyopita alinijia mahali pale pale, akanieleza kwa haya kwamba ana kitu kigumu kifuani kisichomuuma. Nilimwandikia kombe, nikamwombea dua, nikamwambia asubiri. Sikumwambia hata neno moja la kwenda hospitali. Alisubiri kama nilivyomwagiza, na siku alipokwenda, uvimbe ulikuwa umekwisha kupasuka. Kombe halina lawama, wala dua haina lawama. Lawama ni yangu, kwa kuwa nilimpa nusu ya dawa nikamwacha adhani ni nzima. Haya nimemwambia binti yake, nikamtaka radhi, na leo nawaambia nanyi, ili asitokee mwalimu mwingine wa kuyarudia.

Basi maswali yake yalikuwa matatu, na khofu yake ni la nne. Nitayajibu kila moja kwa faslu yake.

FASLU YA KWANZA: KATIKA KURITHI

Kwamba mtoto hurithi mambo ya wazee wake si jambo geni katika dini yetu. Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya bedui aliyemjia Mtume (S.A.W.) akimshitakia kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi asiyefanana naye. Mtume akamwuliza khabari za ngamia zake, na bedui akakiri kwamba katika ngamia wekundu huzaliwa wa kijivu, akasema huenda ni mshipa wa asili uliomvuta. Mtume akamrudishia neno lake mwenyewe: na mtoto wako huenda amevutwa na mshipa. Hivyo bedui akazuiliwa kumdhania mkewe ubaya.

Wataalamu wa zama zetu wameutafuta mshipa huo katika maradhi ya saratani ya ziwa. Mwaka 1990 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali unapokaa katika asili za mwili. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikajulikana, ikaitwa BRCA1, na mwaka 1995 ikafuata ya pili, BRCA2. Jeni hizi kila mtu anazo, mwanamume na mwanamke, na kazi yake ni kutengeneza kilichoharibika ndani ya chembe za mwili. Aliyerithi iliyo mbovu amepungukiwa na fundi mmoja. Nyumba yake yaweza kusimama, lakini ina khatari zaidi kuliko nyingine.

Sasa sikilizeni hesabu yake, enyi wanafunzi wa mirathi. Katika faraidhi kila mrithi ana fungu lake maalumu. Katika urithi huu hakuna mafungu: mzazi mwenye jeni mbovu, ama humpa mtoto ama hampi, na kila mtoto ana nusu ya kupata na nusu ya kukosa. Kwa hiyo, ikiwa mama wa mwanamke huyu alikuwa nayo, yeye ana nusu. Na kila binti yake, kabla mama hajapimwa, ana nusu ya nusu, yaani robo. Yeye akiwa hakuirithi, watoto wake hawawezi kuipata kutoka kwake kabisa. Wala tusiseme ni maradhi ya upande wa mama peke yake. Baba pia huwapa watoto wake, naye huenda asiugue maisha yake yote.

Na hayo yote ni kwa sharti kwamba jeni hiyo imo katika ukoo. Katika wanawake 100 wenye saratani ya ziwa, waliopata kwa njia hii ya urithi ni kiasi cha 5 hata 10 tu. Ndugu wawili waweza kuugua bila ya kuwa na jeni hiyo. Alama za kumfanya mtu aulize zaidi ni hizi: kuugua kabla ya miaka 50, kuugua maziwa yote mawili, kuwapo saratani ya mayai ya uzazi katika ukoo huo huo, au mwanamume wa ukoo kuugua saratani ya ziwa. Na hata aliyethibitika kuwa nayo hakuandikiwa kuugua. Katika wanawake 100 wenye jeni hizo, zaidi ya 60 huugua ziwa katika maisha yao. Hiyo ni khatari kubwa, nasi hatuifichi. Lakini wako wengi waliobaki ambao hawaugui. Aliyerithi khatari hakurithi jeneza.

Wala maradhi haya si adhabu ya dhambi ya mama. Qurani imetufunza mahali pengi kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Anayekwambia ukoo wenu umelaaniwa, au kwamba yuko jirani aliyewaroga, amekuongezea maradhi ya pili juu ya khofu ya kwanza, na aghalabu hutaka fedha yako.

FASLU YA PILI: KATIKA KUPIMWA NA KUTIBIWA

Wako wasemao: lililoandikwa litakuwa, basi hospitali ya nini? Neno hili nusu yake ni kweli, nayo ni nusu ile ile niliyompa marehemu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata khabari kwamba tauni imeingia huko, aliazimu kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili, moja lenye majani na moja kavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Nasi wa Kamachumu twaweza kusema hivi: mwenye kibanja akiona migomba yake imeanza kunyauka, huikata iliyougua ili kuiponya iliyobaki. Hakuna anayemwambia kwamba amemkufuru Mungu.

Nabii Yaakub (A.S.) alipowatuma wanawe Misri aliwaamuru waingie kwa milango mbalimbali, na papo hapo akawaambia kwamba yeye hawezi kuwakinga na chochote alichotaka Mungu. Angalieni jinsi alivyokusanya mambo mawili katika kauli moja: kushika sababu, na kumtegemea Mwenye sababu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Imamu wetu Nawawi amesema katika Majmuu kwamba kujitibu ni sunna. Na mwaka 1992 wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Jidda waliamua kwamba huwa wajibu ikiwa kuacha tiba kutaleta kifo, au kupoteza kiungo, au ulemavu.

Na saratani ya ziwa ni ugonjwa ambao wakati wake ni nusu ya dawa yake. Haya waliyajua wazee wetu. Tabibu wa Andalusi Abulqasim Zahrawi, aliyekufa kadiri ya mwaka 1013, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ukiwa mdogo na mahali pa kukatika wote, kama katika ziwa, hukatwa; ama ukikua na kukaa muda, asiusogelee mtu, kwani yeye mwenyewe hakupata kumponya hata mmoja. Leo tiba zimezidi mara nyingi, lakini msingi ule haukubadilika. Katika nchi yetu ya Tanzania wanawake walio wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kwenda mbali, kisha watu husema: hospitali huua. Hospitali haikuua. Kuchelewa ndiko kulikoua.

Basi njia ni hii. Mwanamke ajue maziwa yake yalivyo, ayaangalie mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi. Akiona uvimbe, au ngozi imevutwa ndani, au chuchu imegeuka au yatoa damu, asingoje kuumwa, kwani mara nyingi mwanzo wake hauumi. Na mwenye ndugu waliougua, asingoje alama wala umri wa kawaida wa kupimwa. Aende akamweleze mganga ukoo wake: nani aliugua, kwa mama au kwa baba, na akiwa na umri gani. Hapa petu Kamachumu iko hospitali ya Ndolage. Ikihitajiwa zaidi, watampeleka Bukoba, au Bugando kule Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996.

Asiseme mtu kwamba Ndolage ni ya Walutheri. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, aliyemwonyesha njia ni mtu aliyekuwa bado katika dini ya makureshi, alimkodi kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Ama khabari ya kufunua mwili, hutafutwa kwanza mganga mwanamke. Akikosekana, yajuzu mwanamume, naye awepo mume au maharimu au mwanamke mwaminifu, na lisifunuliwe ila linalohitajiwa. Haya ni sifa njema, lakini haya iuayo si haya iliyoamrishwa.

Na yako mambo mawili katika sharia yetu yenye manufaa hapa. La kwanza ni kunyonyesha, ambako Qurani imetaja miaka miwili kamili. Mwaka 2002 wataalamu waliokusanya khabari za nchi 30 waliona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza khatari ya saratani ya ziwa kwa kadiri ya 4 katika 100. La pili ni kujiepusha na ulevi, kwani pombe huongeza khatari hiyo; na rubisi ni pombe, hata kama imepikwa kwa ndizi za nyumbani.

FASLU YA TATU: KATIKA KUFICHA NA KUOZESHA

Sisi watu wa Kagera tumefunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 ukimwi ulipoonekana hapa kwetu, kabla ya mahali pengine katika Tanzania, tuliupa majina ya mzaha, kisha tukauficha kwa majina ya uchawi. Kuficha kulijaza makaburi na kuacha mayatima. Saratani haiambukizi, wala haipiti kwa sahani wala kwa kitanda. Lakini kuficha kwake kwaua vile vile, kwa sababu binti asiyeambiwa mama yake alikufa kwa nini hatajua la kumweleza mganga.

Basi mabinti wakibaleghe waambiwe, kwa upole na kwa maneno ya kadiri yao. Wana wa kiume nao waambiwe. Na wazee waozeshao nawaambia: aibu za kuvunja ndoa katika madhehebu yetu zimehesabiwa, na khofu ya maradhi yajayo si mojawapo. Binti huyu si mgonjwa. Mwenye kuulizwa asiseme uwongo, lakini hana lazima ya kutangaza sokoni. Na anayemkataa binti mwema kwa sababu bibi yake aliugua, na ajiulize kama ukoo wake mwenyewe una hakika ya kutougua presha, au sukari, au wazimu. Hakuna ukoo chini ya jua usiokuwa na mshipa wake.

FASLU YA NNE: KATIKA KHOFU YENYEWE

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijilinda kwa Mungu na wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akajilinda na ulegevu na uvivu. Mambo haya kukaa pamoja yana fundisho. Khofu ikuinuayo kitandani ukaenda kwa mganga ni rehema. Khofu ikulazayo, ukabaki kuhesabu siku, ni maradhi. Dawa yake ni kuipa mahali pake. Mkono uutafute uvimbe siku yake ya mwezi; usiku mwingine wote mkono huo ni wa kuvuta uradi na kumfunika mtoto. Kisha, akhti, usibebe peke yako. Mwambie mumeo, au dada yako, au jirani mwaminifu. Kulia si kukosa imani: Nabii Yaakub alilia hata macho yake yakawa meupe, na hakuacha kuwa Nabii.

Yule mwanamke alikwenda Ndolage, akafuatana na wifi yake. Mganga alimpima, akaandika khabari za ukoo wake, akamwambia siku ile hakuona ubaya, naye arudi kila mwaka. Hakuambiwa kwamba ameokoka milele. Hakuna mwanadamu awezaye kusema hivyo, kwake yeye wala kwangu mimi. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Maalim, jana nimelala." Nami usiku ule sikulala, nikimwombea mama yake.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotangulia kwa maradhi haya, na uyafanye kuwa kafara ya madhambi yao. Waponye walio wagonjwa, watulize wenye khofu, wape waganga wetu ujuzi na huruma, na utusamehe sisi walimu tuliowaambia watu subirini bila ya kuwaambia nendeni. Amin.

Walhamdu lillahi Rabbil-alamin.